Chipu moja, mashine za Ulaya nzima

Jamani mlioko Berlin, nendeni Computerspielemuseum, makumbusho ya gemu za kompyuta, pale Karl-Marx-Allee. Nimetoka huko na mwanangu na bado sijaacha kuifikiria BSS 01.

Hiyo ndiyo mashine pekee ya gemu za nyumbani iliyowahi kutengenezwa Ujerumani Mashariki, karibu na mwaka 1980, katika kiwanda cha Frankfurt (Oder), mji ulio mpakani na Poland. Sasa sikilizeni: moyo wake ni chipu ya AY-3-8500 ya General Instrument, kampuni ya Marekani! Vita Baridi vimepamba moto, na watoto wa Kikomunisti wanacheza tenisi kwenye televisheni kwa chipu ya kibepari.

Chipu yenyewe ilibuniwa Glenrothes, Uskoti, ikaingia sokoni 1976. Haisomi programu yoyote. Tenisi, mpira, skwoshi, hata kulenga shabaha, vyote vimejengwa ndani ya saketi. Mtengenezaji aliongeza vipuri vichache, vitasa vya kuchezea na kasha tu. Ndiyo maana miaka ile Ulaya ilijaa mashine za majina tofauti zenye michezo ileile.

Kilichonigusa zaidi ni habari za Ralph Baer. Alizaliwa Ujerumani 1922 katika familia ya Kiyahudi, wakakimbilia Marekani 1938 kuwahepa Wanazi. Odyssey ya 1972, mashine ya kwanza kabisa ya gemu za nyumbani, ilitokana na kazi yake. Wazazi, wasimulieni watoto habari zake kabla hawajashika kidhibiti.