Glavu za Ames

Jana usiku mtoto wa dada alikuwa anapekua lile boksi la juu ya kabati akitafuta chaja, akatoka na glavu za sufi za kijivu, ya kulia imetoboka kwenye dole gumba. Akazivaa, akapiga makofi mara mbili, akaniuliza, "Anti, hizi si zinaweza kushika kopo la tiagasi?"

Sikumjibu. Leo ni 25 Juni 2025, mwaka mmoja tangu vijana waandamanaji waingie Bungeni Nairobi, na yeye ana miaka 19, nilijua tu ataenda kuandamana. Kilichonitoa pumzi ni yeye kuvaa glavu zile, yeye kati ya watoto wote.

Mnaonijua mnajua nilivyokuwa kampasi. Uchaguzi wa 2002 nilikuwa ajenti wa chama kituoni, kura zilikuwa zinahesabiwa palepale kwenye kituo, nikakesha na makarani tukiangalia karatasi moja moja ikiinuliwa juu, asubuhi nikatia sahihi fomu na mkono unatetemeka kwa furaha. Tangu siku hiyo niliamini kabisa kwamba nchi inaweza kuokolewa na watu wanaohesabu wakiwa macho. Nilipopata nafasi ya kusoma Ames, kule Iowa, moto huo nilienda nao. Na Iowa ndiyo ilikuwa inaanza mchujo wa urais wa Marekani, Obama yuko mbioni, mwanafunzi wa kigeni hapigi kura lakini kujitolea bila malipo hakuna anayekukataza, basi Desemba nzima ya 2007 nilikuwa nabisha milango kwenye theluji na viatu vyangu vya Nairobi.

Kuna mama mmoja mzee, mwalimu mstaafu, nilimbishia mara tatu. Mara ya kwanza alifunga mlango. Ya pili akanisikiliza akasema yeye ni wa Biden, mgombea mwingine. Ya tatu hakunisikiliza kabisa, aliangalia tu mikono yangu, akaingia ndani, akarudi na glavu.

Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimempigia shemeji, mume wa dada yangu, simu Burnt Forest, karibu na Eldoret. Yeye ni fundi, siasa hakuzipenda kamwe. Nikamwambia shemeji tafadhali kubali uajenti uchaguzi huu wa Desemba, tukikosa mtu wetu kituoni tutaibiwa. Akakataa. Nikampigia tena, nikampigia tena. Mwishowe akakubali, nadhani alichoka kumkatalia dada ya mke wake.

Yaliyofuata mnayajua. 30 Desemba matokeo ya urais Kenya yakatangazwa, Kibaki akaapishwa jioni ile ile Ikulu, matangazo ya moja kwa moja yakazimwa, na baada ya siku chache Kivuitu aliyekuwa mwenyekiti wa tume akawaambia waandishi yeye mwenyewe hajui kama Kibaki alishinda. Tarehe 1 Januari kanisa la Kiambaa likachomwa na watu ndani. Nilimaliza kadi za kupigia simu, kila mara ni yule dada wa mashine, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Kredo huko ilikuwa imeadimika. Siku mbili nzima sikujua dada yangu yuko wapi.

Na tarehe 3 nikaenda kwenye mkutano wa mchujo. Nimejiuliza miaka 17 kwa nini nilienda. Nafikiri niliogopa kukaa chumbani na ile simu.

Ilikuwa ukumbi wa michezo wa shule ya msingi, sakafu ya mbao inayong'aa, kitanzi cha mpira wa kikapu juu, watu wamelundika makoti ukutani. Sisi tusio wapiga kura tulisimama pembeni. Saa moja jioni milango ikafungwa, watu wakaambiwa waende kwenye kona zao, kona ya Obama, ya Clinton, ya Edwards, hakuna karatasi wala sanduku, kura yako ni mwili wako na jirani yako anakuona. Halafu wakaanza kuhesabiana kwa sauti, mtu anataja namba yake anamgeukia wa pili, moja, mbili, tatu, mpaka mtoto mmoja aliyebebwa na baba yake naye akataka kutaja, watu wakacheka, wakarudia kuanzia hapo.

Kikundi cha Biden hakikufika asilimia 15, kiwango cha chini cha kubaki. Ikabidi wahame. Yule mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha chuma na bakora yake. Akainuka. Ukumbi wote ukamwangalia. Akaanza kutembea na alitembea polepole sana, nasikia bakora kwenye mbao, tok, tok, akapita mbele ya kona yetu, akaniona, akanitikisia kichwa, nami nimevaa glavu zake mle ndani kwenye joto. Akaendelea mbele hadi kona ya Clinton. Akaketi.

Hakuna aliyemzomea. Hakuna aliyeuliza jina la ukoo wake. Mwanamume mmoja wa upande wetu, aliyekuwa akimwita kwa mkono, alimbebea koti akampelekea kulekule alikoenda.

Hapo ndipo simu ikatetemeka mfukoni. Nyumbani ilikuwa inakaribia saa kumi na moja alfajiri. Nambari siijui. "Tumefika showground Eldoret. Nyumba hakuna. Mtoto yuko mgongoni mzima."

Nikakaa chini sakafuni. Msichana tuliyekuwa tunabisha naye milango alinikumbatia akilia naye, kwake yale yalikuwa machozi ya ushindi. Sikumsahihisha. Obama alishinda Iowa usiku ule akiwa na karibu asilimia 38.

Kule Burnt Forest wachomaji walianza na nyumba za walioonekana kituoni. Hivyo ndivyo dada alivyoniambia, mara moja tu. Shemeji hajawahi kulitaja jambo hilo. Mapatano ya Kibaki na Raila yalisainiwa tarehe 28 Februari, wao waliendelea kulala kwenye hema uwanjani kwa miezi, na hadi leo nikifika kwao ananipokea mkoba mlangoni, ananiuliza habari za safari. Ningependa siku moja anigombeze.

Sasa huyo aliyekuwa mgongoni ndiye ameingia jikoni asubuhi na glavu mkononi, begi dogo, chupa ya maji. Nilikuwa nimekesha natafuta maneno ya kumkataza. Ningeyatoa wapi mimi? Nikamwambia lete, nikashona pale kwenye dole gumba, nikashona polepole nikitumaini matatu zitaisha barabarani, akasimama hapo akinisubiri bila kusema kitu. Nikamaliza. Akaenda.

Ni saa tisa. Matangazo ya moja kwa moja wameyazima tena. Nimeiweka simu hapa mezani karibu na kikombe, uso juu.

Inalia. Si yeye. Ni mama yake, kutoka Eldoret, na sijamwambia chochote. Ngoja nishike.