Sabuni ya uso kwa ngozi kavu: nilivyoipata, pamoja na kisa cha limau

Nimechoka kusikia kwamba sabuni inakuwa laini kwa ngozi kutokana na vitu vinavyoongezwa ndani yake. Ongeza asali, ongeza manjano, ongeza mshubiri, tone la mafuta haya na kijiko cha unga ule. Uso wangu ni mkavu wa kubanduka pembeni mwa pua, na kitu chochote chenye manukato huuwasha. Kila sabuni iliyosifiwa kwa wingi wa viungo iliniacha na mashavu yaliyokaza na mekundu. Ninayoitumia sasa naitengeneza mwenyewe, nami naionea fahari waziwazi. Haina viungo hivyo, ila maziwa na oti. Upole wake umetoka kwenye mizani, kwenye uchaguzi wa mafuta na kwenye kungoja.

Nianze na mafuta, maana ndipo ushauri mbaya unapoanzia. Wengi walinihimiza nitumie mafuta ya nazi matupu kwa kuwa ni ya asili. Sabuni yake ni ngumu kweli, ni nyeupe, na inatoa povu jingi. Lakini karibu nusu ya mafuta hayo ni asidi ya lauriki, mojawapo ya asidi zinazounda mafuta, na sabuni inayotokana nayo ni hodari mno wa kuondoa mafuta. Haibagui kati ya uchafu na mafuta ambayo ngozi imejiwekea yenyewe kama kinga. Kwenye nguo, sawa. Kwenye uso mkavu ni adhabu. Mafuta ya zeituni ni kinyume chake: sehemu kubwa ni asidi ya oleiki, na sabuni yake husafisha taratibu, ingawa povu lake ni dogo na linateleza. Hayo ndiyo ninayoyapa nafasi kubwa.

Kwa nusu kilo ya mafuta naweka zeituni gramu 350, nazi gramu 75, siagi ya shea gramu 50 na mafuta ya nyonyo gramu 25. Nazi kidogo hiyo inatosha kukifanya kipande kiwe kigumu na kitoe povu; nyonyo inalifanya povu liwe zito na lisipotee upesi. Kostiki soda, kemikali kali inayoyageuza mafuta kuwa sabuni, ni gramu 64. Mafuta hayo yangegeuka sabuni yote kwa takriban gramu 70, kwa hiyo karibu asilimia 9 ya mafuta inabaki mafuta. Asilimia hiyo inayobaki ndiyo siri kubwa kuliko kiungo chochote, na haigharimu kitu zaidi ya kupima vizuri.

Kila mafuta yanakula kostiki kwa kiwango chake. Gramu moja ya zeituni inahitaji takriban gramu 0.134, ya nazi takriban 0.183. Ukipunguza zeituni na kuongeza nazi bila kupiga hesabu upya, umetengeneza sabuni nyingine kabisa. Ndiyo maana hasira hunipanda nikiona mtu anafundishwa kupima kostiki kwa kijiko. Kijiko cha chembe kubwa na kijiko cha unga laini havina uzito mmoja! Nunua mizani inayosoma gramu mojamoja kabla ya kununua mafuta ya kifahari. Mizani ndiyo iliyonigharimu kuliko vifaa vyangu vingine vyote, na imejilipa mara nyingi.

Kuhusu kostiki yenyewe: glavu, miwani ya kukinga macho, mikono mirefu, madirisha wazi, watoto mbali. Mimina kostiki kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya kostiki, kwa sababu huchemka ghafla na kuruka. Sufuria ya alumini usiitumie. Kostiki inaila na kutoa hewa ya haidrojeni inayoweza kushika moto. Ikikudondokea mwilini, suuza kwa maji mengi yanayotiririka, tena kwa muda mrefu, na achana na habari ya kupaka siki. Na wale wanaosifu sabuni isiyotengenezwa kwa kostiki wanazungumzia sabuni ambayo mtu mwingine aliitia kostiki kabla yao, wao wakaiyeyusha tu. Sabuni ya kipande ni mafuta na kostiki vilivyokwisha kubadilishana. Ukipima sawasawa, kostiki haibaki.

Sasa maziwa, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Natumia ya mbuzi, lakini ya ng'ombe pia yanafaa. Maelekezo niliyopewa yalikuwa ya kumimina kostiki ndani ya maziwa ya kawaida huku ukikoroga. Kostiki ikiyeyuka kwenye kimiminika joto hupanda haraka, hata kupita nyuzi 80, na sukari ya maziwa haivumilii joto hilo pamoja na kostiki. Maziwa yanakuwa ya chungwa, kisha ya kahawia, na harufu ya amonia inapanda mpaka unatoka jikoni. Niliyemwuliza alinijibu kwamba ndivyo ilivyo, rangi ya kahawia ni ya kawaida, vumilia. Sikuvumilia.

Nilichofanya ni kuyagandisha maziwa yote, gramu 128, yakawa vipande vya barafu. Bakuli la chuma cha pua lenye barafu hiyo naliweka ndani ya beseni la maji baridi yenye barafu nyingine. Kisha nanyunyiza kostiki kidogo sana, nusu kijiko cha chai hivi, kutoka kwenye ile niliyokwisha kuipima. Nageuza vipande kwa mwiko wa silikoni, nangoja, nanyunyiza tena. Kostiki inatafuta joto la kupandisha lakini barafu inalimeza lote kwa kuyeyuka. Inapendeza kutazama: vipande vinapungua, kimiminika kinaongezeka, rangi inabaki ya malai. Ikianza kuelekea njano iliyokolea napumzika kidogo kabla ya kuendelea. Kazi hii haitaki haraka, na mtu mwenye haraka afanye siku nyingine.

Kuna mambo mawili ambayo hakuna aliyenitajia. Kwanza, mafuta yaliyomo kwenye maziwa huanza kugeuka sabuni papo hapo, hivyo kimiminika kinakuwa kizito na huwezi kuona kama chembe za kostiki zimeyeyuka. Endelea kukoroga na kukwangua chini ya bakuli mpaka mwiko usihisi mkwaruzo wowote, kwa sababu chembe moja iliyosalia itakuunguza ukiwa umefumba macho bafuni. Pili, maziwa hayo ni baridi, na siagi ya shea na nazi huganda zikikutana na baridi. Mchanganyiko utaonekana umeiva kumbe ni mafuta yaliyoganda tu. Kwa hiyo nayapasha mafuta yangu yafike kama nyuzi 35 kabla ya kumimina, na nikiwa na shaka naendelea na blenda ya mkono hadi uzito wake uwe wa kweli, mchanganyiko uwe kama uji na tone linaloanguka liache mstari juu yake.

Hapo naongeza kijiko kimoja cha mezani cha oti zilizosagwa laini kabisa. Kipimo cha ulaini ni rahisi: ukikoroga unga huo kwenye glasi ya maji, maji yanageuka meupe kama ya maziwa. Ukizama chini wote, saga tena. Vipande vikubwa vya oti vinavyopamba sabuni kwa juu vinakwaruza ngozi, na ngozi yetu haitaki kukwaruzwa. Manukato siweki kabisa, hata mafuta ya mimea yanayouzwa kwa jina la asili. Linaluli na limonini, kemikali za harufu zilizomo ndani ya mengi kati yake, zikikaa na hewa huwa vichochezi vya mzio, na mtu ambaye uso wake tayari unawaka hana sababu ya kucheza kamari hiyo. Kisha namimina mchanganyiko kwenye kalibu na kuiingiza kwenye friji usiku kucha. Maziwa hupenda kujipasha joto yakiwa ndani ya sabuni, na bila friji katikati huwa na duara la rangi iliyokolea.

Nije kwenye limau. Nilishauriwa na mtu mwenye uhakika mwingi kwamba ngozi ina pH (kipimo cha uasidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni kinyume chake) ya karibu 5, sabuni ina 9 hadi 10, basi tia juisi ya limau ili uishushe iwe sawa na ngozi. Namba zote mbili ni sahihi, na ndiyo maana ushauri huu unawapata watu. Sikutaka kubishana kwa maneno. Nilikwangua kipande changu kilichokomaa, nikayeyusha vipande vidogo nilivyovikwangua kwenye maji ya moto, nikapata kimiminika chenye povu zuri. Nikachukua karatasi za kupimia pH na limau.

Mwanzoni karatasi haikubadilika sana. Nilidondosha, nikakoroga, nikapima, na bado ilikuwa karibu 9. Lakini povu lilikuwa limeanza kufifia. Nikaendelea. Kimiminika kikawa cheupe, kikashika mabonge madogo, na utando wa mafuta ukajitokeza juu. Karatasi ilipofika 7 hapakuwa na sabuni tena. Nilisugua mikono kwa kile kilichobaki: hakuna povu, ni mafuta yanayonata yenye harufu ya mshumaa. Asidi ilikuwa imeirudisha sabuni kuwa asidi za mafuta. Sabuni ya kweli haiwezi kuishi kwenye pH 5. Anayetaka kitu cha pH hiyo anatafuta kipande cha kusafishia kisicho sabuni, kinachotengenezwa kiwandani kwa kemikali nyingine, na hakuna ubaya. Asiambiwe tu kwamba limau litamfikisha huko.

Na ukilitia limau mwanzoni, pamoja na kostiki? Gramu moja ya asidi ya sitiriki hula takriban gramu 0.6 za kostiki. Vijiko viwili vya mezani vya juisi vinakula karibu gramu nzima, mafuta yanayobaki yanaongezeka kidogo, na pH ya sabuni inabaki palepale. Faida moja ipo: chumvi ya sitireti inayozaliwa hushika kalisi, madini yaliyomo kwenye maji magumu, ule utando wa sabuni usioyeyuka ukapungua usoni. Ukiishi penye maji magumu, hilo linastahili. Lakini ongeza kostiki kufidia ile iliyoliwa.

Kukata nafanya sabuni ikiwa imeshika lakini haijawa ngumu. Kisha vipande vinakaa wazi, penye hewa na kivuli, wiki 6 kwa uchache. Yenye zeituni nyingi ikikaa miezi kadhaa inakuwa bora zaidi, na mafundi wa Aleppo nchini Syria, ambao ufundi wao wa sabuni ya zeituni na mafuta ya mlaureli uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2024, huikausha yao kwa miezi mingi. Maji yanatoka, kipande kinakuwa kigumu, na povu linakuwa la upole usoni. Aliyetumia sabuni yangu mapema na aliyetumia iliyokomaa hawajatumia kitu kimoja.

Kabla haijagusa uso naijaribu sehemu ya ndani ya mkono, karibu na kiwiko, siku kadhaa mfululizo. Ngozi yenye vidonda au inayotoa maji siisogezi karibu na sabuni yoyote, hata yangu. Hiyo ni ya daktari. Usoni naitumia jioni tu. Asubuhi ni maji matupu. Maji ya vuguvugu, povu nalitengenezea viganjani, kipande chenyewe hakipiti kwenye mashavu. Nasuuza mpaka hakuna utelezi, nafuta kwa kugusagusa, na kilainishi napaka ngozi ikiwa bado na unyevu.

Kipande kinachotumika kikae juu ya kibao chenye matundu, la sivyo kitageuka ute. Vingine navifunga kwa karatasi na kuviweka kabatini, si kwenye mfuko wa plastiki. Kwa kuwa mafuta yaliyobaki ndani ni mengi, sabuni hii huchacha mapema kuliko ya kawaida: ikionyesha madoa ya chungwa na harufu ya mafuta ya zamani, inahamia kwenye kusafishia vitambaa vya jikoni. Ndiyo maana natengeneza nusu kilo tu kwa mara, na ninapofungua kipande cha mwisho, kingine tayari kinakomaa rafuni.