Jinsi ninavyoandika dripu ya mgonjwa wa sepsisi

Dripu naiandika kama dawa: aina, kiasi, muda, na saa ya kumpima mgonjwa tena. Sababu iko kwenye ukuta wa mshipa. Kwa ndani, mshipa umefunikwa na utando laini kama ute, glaikokaliksi, unaozuia chembe nyeupe zisijinase ovyo na maji yasivuje. Sepsisi, yaani mwili kujidhuru wenyewe ukipambana na maambukizi, huuchubua. Maji mengi yakiingia kwa kasi, huuchubua zaidi. Hapo niutrofili, aina ya chembe nyeupe, hunasa ukutani na kupenya hadi mapafuni, maji nayo yanafuata njia hiyohiyo, ndiyo maana mgonjwa anaanza kukoroma maji kifuani huku presha bado iko chini.

Kwa mtu mzima wa kilo 60, ule mwongozo wa kimataifa wa sepsisi, wa mililita 30 kwa kilo, ni lita 1.8 ndani ya saa 3. Simwagi zote kwa mpigo. Antibayotiki ikishaingia, natoa mililita 250 kwa dakika 30. Kuhesabu matone kwa kasi hiyo ni kujidanganya, hivyo nabandika plasta ubavuni mwa chupa na kuandika saa mbele ya kila alama. Kisha nabonyeza ukucha kwa sekunde 5: rangi ikichelewa zaidi ya sekunde 3, na mapafu ni makavu, naongeza 250. Pumzi ikienda mbio au kifua kikianza kuchemka kwa chini, nafunga na kuomba noradrenalini, dawa ya kupandisha presha.

Naanza na Ringa lakteti, maji ya dripu yenye chumvichumvi zinazokaribiana na za damu. Maji ya chumvi ya 0.9% yana kloraidi milimoli 154 kwa lita, damu ina kama 100, Ringa 109. Chupa nyingi za chumvi huitia damu asidi. Ila Ringa ina kalsiamu, kwa hiyo haikutani na antibayotiki ya seftriaksoni kwenye mpira mmoja: huganda. Aliyeumia kichwa nampa maji ya chumvi.

Watoto wenye homa kali ndio wa kuogopa zaidi. Utafiti wa FEAST wa 2011, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ulikuta waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa kama asilimia 10.5 ndani ya saa 48, wasiomiminiwa, 7.3. Takwimu hiyo inaniuma kila nikiikumbuka. Wenye kuhara hawakuwemo. Hao maji waliyopoteza lazima yarudishwe.