Milimita moja kwa siku: jinsi nilivyoisubiri neva ya mkono wangu

Nilianguka na pikipiki siku ya mvua katika mteremko wa Kadutu, hapa Bukavu, na mfupa wa mkono wangu wa kulia ukavunjika katikati ya bega na kiwiko. Kilichonitia hofu kuliko maumivu ni kwamba kiganja kilining'inia, nisiweze kukiinua wala kunyoosha vidole. Mimi ni mwalimu, na mkono huo ndio unaoshika chaki.

Daktari alinieleza kwamba neva, yaani mshipa wa fahamu, iitwayo radiali huzunguka nyuma ya mfupa huo, tena kwa kuukaribia sana, ndiyo maana huumia pamoja nao. Hakuniahidi siku ya kupona. Alisema kwamba nyingi hurudi zenyewe, na kwamba upasuaji ungefikiriwa endapo miezi 3 au 4 ingepita bila dalili yoyote.

Jirani walisema umeme wa mkono wangu umekatika. Mfano huo ulinifaa kwa muda, lakini nilipoanza kusoma niliona kwamba waya hupitisha tu umeme uliotoka kwingine, ilhali neva huuzalisha upya kila hatua. Seli ya neva iliyotulia huwa na tofauti ya karibu milivolti 70 kati ya ndani na nje ya utando wake, ndani kukiwa hasi. Ujumbe unapofika, milango midogo ya utando hufunguka, sodiamu huingia, kisha potasiamu hutoka, na badiliko hilo huamsha sehemu inayofuata. Jambo lililonipa nguvu zaidi ni hili: seli zinazoamuru misuli ya kuinua kiganja hukaa ndani ya uti wa mgongo, usawa wa shingo, na kila moja hutuma uzi mmoja mrefu, aksoni, hadi kwenye msuli. Nyuzi zangu ziliumia mkononi, lakini seli zenyewe zilikuwa hai. Kipande cha aksoni kilichotengwa na seli yake hufa. Seli za Schwann zinazokizunguka husaidia kuondoa mabaki, kisha huuachia njia uzi mpya, unaokua kwa karibu milimita 1 kwa siku.

Plasta ilipotolewa baada ya wiki 8, niliazima utepe wa kupimia wa mke wangu, ambaye hushona nguo. Kila Jumapili asubuhi niligonga ngozi taratibu kwa ncha ya kidole, kutoka chini kwenda juu, hadi mahali ambapo mgongo wa mkono ulisisimka kama uliopigwa ganzi inayoisha. Hapo ndipo nyuzi changa zilipokuwa zimefika. Niliandika kipimo daftarini, na mwezi ulipotimia alama ilikuwa imeshuka kwa takriban sentimita 3.

Wakati huohuo misuli na viungo vilihitaji kutunzwa. Mtaalamu wa kuzoeza viungo, tunayemwita kine, alinitengenezea kibao cha kuinua kiganja, nami nikagundua kwamba kwa kibao hicho niliweza kushika chaki tena, kwa sababu ngumi huwa dhaifu kiganja kikiinama. (Msomaji na ainamishe kiganja chake, kisha ajaribu kukunja ngumi kwa nguvu.) Mara kadhaa kwa siku nilinyoosha vidole vyangu kwa mkono wa kushoto, visije vikakakamaa. Mama mmoja jirani alileta majani ya moto ya kukandia. Nilimshukuru, lakini nilikataa, kwa kuwa ngozi kati ya gumba na kidole cha shahada haikuhisi chochote na ingeungua bila mimi kujua.

Katika mwezi wa 4 kiganja kiliinuka kidogo, kama upana wa kidole, nami nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Vidole vilifuata polepole. Gumba, ambalo misuli yake ni kati ya inayofikiwa mwisho, lilinyooka mwezi wa 8, na wiki hiyo nilivua kibao nikaandika ubao mzima wa somo. Sehemu ndogo ya ngozi nyuma ya gumba bado husisimka ninapoigusa.