Kadi mpya ya grafiki ilikwenda polepole kuliko ya zamani: jinsi nilivyotatua

Nilitoa GTX 1060 ya mwaka 2016 yenye memori ya GB 6, nikaweka RTX 3060 ya GB 12 iliyotoka 2021. Kwa karatasi hazilingani kabisa: viini vya CUDA (vitengo vidogo vya kukokotoa ndani ya kadi) 1,280 dhidi ya 3,584. Hata umeme nilishaupigia hesabu, maana moja hula wati 120 na nyingine 170. Cha ajabu, nikihariri video za harusi za 4K, picha zilikwamakwama kuliko mwanzo.

Nikafuta draiva zote (programu zinazoendesha kadi), nikaweka upya. Wapi! Jioni nzima imepotea.

Mwisho nikafungua GPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za kadi ya grafiki, na kusoma mstari wa Bus Interface, yaani muunganisho wa kadi na kompyuta. Uliandika x4 badala ya x16, yaani njia 4 za kupitisha data badala ya 16. (Angalia mstari huo kadi ikiwa kazini; ikipumzika, toleo la PCIe, muunganisho wenyewe, hushuka lenyewe likakupa hofu ya bure.)

Kosa lilikuwa langu. Kadi mpya ni ndefu, iligonga kizimba cha diski ngumu (hard disk), nami kwa uvivu nikaichomeka sloti ya chini. Kwenye ubao mama wangu, sloti ya juu imeunganishwa moja kwa moja na prosesa kwa njia 16. Ya chini ina umbo lilelile, lakini ndani ina njia 4 tu, tena hupitia chipuseti, chipu ya ubao mama iliyo kati ya sloti hiyo na prosesa.

Nikafungua skrubu nne, nikatoa kizimba, kadi ikapanda juu. GPU-Z ikaandika x16 3.0, na harusi ya watu ikacheza bila kukwama. Diski ngumu nimeifunga kwa vikamba vya plastiki (zip ties).