Damu imekubali jaribio la 7: kumbukumbu ya filamu fupi ya kutisha

Damu bandia imekubali. Nusu lita ya jaribio la 7 imekaa bakulini saa 4 bila kuganda wala kurudi sukari chini, na kwenye kamera inaonekana damu, si juisi ya rozela. Upigaji umesogezwa mara mbili kwa sababu ya kitu hiki kimoja, kwa hiyo kumbukumbu ya leo ni ya damu. Sauti ya mlango, iliyokuwa imepangiwa zamu ya leo, itasubiri.

Onyesho lenyewe ni la sekunde 12. Mkono umeshika fremu ya mlango, taa iko nyuma, damu inaanzia kiganjani, inashuka taratibu mpaka kwenye kiwiko, tone linajikusanya pale, linaanguka. Hakuna zimwi wala sura ya mtu. Filamu nzima ni dakika 11 na inasimama au kuanguka na mkono huo. Mtazamaji wa filamu za kutisha za bei ndogo ana moyo wa kusamehe: picha yenye chembechembe anaivumilia, mwigizaji wa mara ya kwanza anamvumilia, nyumba ileile kwenye kila onyesho anaizoea. Damu inayokimbia kama maji ya bomba haisamehi, kwa sababu anachokifuata kwenye filamu hizi ni kitu kilichokuwepo kweli mbele ya lenzi, kimelowa kweli na kimenata kweli kwenye vinyweleo. Damu iliyochorwa na kompyuta haimlazimishi mwigizaji kuubeba mkono wake tofauti. Iliyonata inamlazimisha, na hilo linaonekana.

Majaribio ya 1 hadi 3 yalikuwa ya wanga wa mahindi, maji na rangi ya chakula. Yote yamegoma, na sababu ni moja. Damu halisi ikiwa nyembamba inapitisha mwanga, ikiwa nene inakuwa karibu nyeusi. Wanga ukishapikwa unakuwa na utusitusi wa maziwa ndani yake, kwa hiyo palipo pembamba panakuwa pa waridi na palipo pazito panakuwa kama sosi ya nyanya. Tena unashuka kwa mabonge: unakaa, unajikusanya, unateleza wote kwa mkupuo kama uji uliomwagika ukutani. Kuongeza rangi hakusaidii. Na siku ya pili unanuka.

Jaribio la 4 ndipo tulipohamia kwenye shira, ile ile ya kaimati. Marekani wana shira ya mahindi tayari kwenye chupa, na mapishi mengi ya damu bandia yanaanzia hapo, likiwemo lile maarufu la Dick Smith, fundi wa vipodozi wa The Exorcist ya 1973. Huku kwetu shira hiyo ni ya kuagiza na bei yake haina maana kwa mradi wa aina hii. Sukari ipo. Tatizo la shira ya sukari ni kwamba baada ya saa moja au mbili inarudi kuwa sukari. Kwanza ukingo wa bakuli unakuwa na punje, kisha punje zinaingia katikati, na ukiipaka mkononi inakwaruza na kung'aa kama mchanga wenye chumvi. Majaribio ya 4 na 5 yamekufa hivyo.

Hapa ndipo muda mwingi ulipotelea, kwa hiyo nieleze vizuri. Kwenye joto la kawaida maji yanaweza kubeba sukari kama mara mbili ya uzito wake. Shira ikichemshwa mpaka iwe nzito kama damu, maji yanapungua na sukari inazidi kiwango hicho. Inabaki imeyeyuka kwa kubahatisha tu, ikisubiri kisingizio. Punje moja ambayo haikuyeyuka, iliyobaki ukingoni mwa sufuria au kwenye mwiko, inatosha kuvuta nyingine zote. Kukoroga wakati inachemka ndiko kunakozirusha punje ukingoni. Tulikuwa tunakoroga kwa bidii kabisa, tukidhani tunasaidia.

Dawa ni ndimu na kuacha kukoroga. Asidi ya ndimu pamoja na moto vinavunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko wa sukari za aina mbalimbali unashindwa kujipanga kuwa punje. Wapishi wa kaimati wanaotia ndimu kwenye shira wanalijua hili bila kemia yoyote.

Kipimo kilichokubali: sukari nyeupe gramu 500, maji mililita 250, juisi ya ndimu iliyochujwa vijiko vya chai 2. Koroga ikiwa bado ya baridi mpaka sukari nyingi iyeyuke, weka motoni, na ikianza kuchemka toa mwiko moja kwa moja. Funika dakika 3 ili mvuke uoshe kuta za sufuria. Funua, punguza moto, iache dakika 20 hivi mpaka ifike nyuzi 106. Asiye na kipimajoto achukue tone, alipoze, alivute kati ya kidole gumba na cha shahada: likitoa uzi mfupi unaokatika, inatosha. Ikipoa itaonekana nzito mno. Usiirudishe motoni, ongeza maji ya uvuguvugu kijiko kimoja kimoja. Sisi tumeongeza kama mililita 45.

Nipumue kidogo kuhusu vifaa. Mizani ya jikoni inayosoma gramu ni bora kuliko vikombe, kwa sababu kikombe cha sukari kinategemea nani amekijaza na jaribio zuri haliwezi kurudiwa. Chupa ya kupulizia haifai kwa shira, inaziba. Brashi inaacha mistari ambayo kamera inaiona. Bomba la sindano la mililita 60, bila sindano yake, ndilo chombo bora kwenye mradi huu wote: unajua umetoa kiasi gani, na kila tekio, yaani kila mara onyesho linapopigwa upya, linaanza na kipimo kilekile.

Sasa rangi, na hapa kuna jambo lililotoka kwenye filamu ya zamani. Mwaka 1967 George Romero na wenzake wa Pittsburgh walipopiga Night of the Living Dead kwa bajeti ya kama dola 114,000, damu yao ilikuwa shira ya chokoleti. Iliwezekana kwa sababu filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe. Walichohitaji kwenye kimiminika kile ni giza, uzito na mng'ao. Rangi haikuwa na kazi. Basi kuanzia jaribio la 6 tukaigeuza simu kuwa nyeusi na nyeupe na kupima damu hivyo kwanza. Kama haionekani damu bila rangi, nyekundu haitaiokoa. Kipimo hiki kidogo kimefanya kazi kuliko kila kitu kingine kwenye orodha, maana kimetenganisha matatizo mawili tuliyokuwa tunayatatua kwa pamoja: jinsi inavyokwenda na jinsi inavyoonekana. Jaribio la 6 lilikuwa zuri kwa rangi na bovu kwa nyeusi na nyeupe: halikuwa na giza la kutosha palipo pazito.

Kinacholeta giza ni kakao. Kwa nusu lita ya shira: rangi nyekundu ya unga kijiko cha chai 1 kilichosawazishwa, iyeyushwe kwanza kwenye vijiko 2 vya maji ya moto, njano robo kijiko, kwa sababu nyekundu nyingi za unga zinaelekea waridi zikiwa nyembamba, kakao kijiko cha chai 1 na nusu, ikorogwe na maji mpaka iwe laini, kisha ipite kwenye kichujio cha chai. Mwisho bluu, kiasi kinachoshikwa na ncha ya kijiti cha meno. Si tone. Tone zima linaifanya iwe zambarau na hakuna njia ya kurudi. Kakao ikizidi vijiko 2 nayo inakuwa chokoleti, na mtazamaji ataitambua.

Kwa damu ya ngozi, ongeza nusu kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo. Bila sabuni shira inajikunja kuwa matone kwenye mafuta ya ngozi. Sabuni inaifanya itambae, na nguo pia zinafulika kwa urahisi. Koroga polepole, kisha iache saa nzima mapovu yapande. Damu ya mdomoni iwe chupa nyingine isiyo na sabuni, iandikwe kwa herufi kubwa. Pishi la Dick Smith lilikuwa na kimiminika cha kusafishia filamu za picha kwa kazi hiyohiyo ya kutambaa, nacho ni sumu. Usilinakili bila kujua kila kilichomo.

Kamera nayo ina hila zake kwenye nyekundu. Simu inahifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko inavyohifadhi mwanga na giza, kwa hiyo nyekundu kali kwenye giza inatoka na kingo za vimraba. Kakao inasaidia hapa tena kwa kupunguza ukali. Kinachosaidia zaidi ni mng'ao: ile mistari myeupe ya mwanga juu ya kitu kilicholowa inahifadhiwa kwa undani wote. Ndiyo maana taa iko nyuma ya mkono na pembeni kidogo. Taa ikiwekwa upande wa kamera, damu ileile inakuwa kama rangi ya ukutani.

Taa za LED za bei rahisi nyingi hazina nyekundu ya kutosha kwenye mwanga wao. Palipo pazito panageuka kahawia, palipo pembamba panaelekea waridi, na mtu anarudi jikoni kurekebisha damu isiyo na kosa. Balbu ya zamani ya uzi au ya halojeni inamaliza ugomvi huo. Funga mwangaza na mizani ya weupe (white balance) kwa mkono, la sivyo simu itaona nyekundu imejaa na kuanza kuipooza katikati ya tekio. Fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kamera kupokea mwanga) sekunde 1/50, maana umeme wetu ni wa hezi 50. Punguza mwangaza kidogo, theluthi mbili ya kituo (stop), kile kipimo cha mwangaza kwenye kamera.

Balbu hiyo ina gharama yake: joto. Shira inabadilika sana kwa joto. Ikitoka kwenye friji haitembei, na ikikaa dakika 20 karibu na halojeni inakimbia. Tekio la kwanza na la tano hazifanani, na wakati wa kuunganisha damu inaonekana kubadilisha mawazo. Suluhisho ni kuweka chupa ndani ya beseni la maji ya kawaida, mbali na taa, na kujaza bomba upya kabla ya kila tekio. Kwa joto la chumba, mililita 8 zinashuka kutoka kiganjani hadi kiwikoni kwa sekunde 9. Ni mwendo tuliokuwa tunautafuta tangu mwanzo. Kuna sehemu inafika kwenye mfupa wa kifundo cha mkono, inasita, inanenepa, kisha inachagua upande na kuendelea. Hakuna aliyeipangia hivyo. Inatisha kweli, hata kwa aliyeipika.

Mambo ya pembeni yanayouma: sisimizi. Miguu ya meza iingie kwenye makopo ya maji, kama kabati la chakula. Rangi ikibaki kwenye ngozi, povu la kunyolea linaitoa kuliko sabuni. Shati la mwigizaji likikauka linakuwa gumu kama kadibodi, na kutafuta mashati matatu yanayofanana kwenye mitumba ni kupoteza Jumamosi. Nunua fulana nyeupe tatu mpya za aina moja, zichovye kwenye chai ya rangi zisiakisi taa.

Hatua iliyofuata kwenye mpango ilikuwa kupitisha damu kwenye mpira wa dripu uliobandikwa nyuma ya mkono. Imekubali nusu. Kichupa cha matone kinaziba, kwa hiyo kikate, utumie mpira peke yake, na punguza shira kwa vijiko 3 vya maji. Lakini ikiwa nyepesi hivyo inapoteza ule mwendo wa kusita, kwa hiyo kwenye onyesho la mkono damu inawekwa kiganjani kwa bomba, ngumi inafungwa, kisha inafunguka taratibu. Rahisi, na bora.

Mpira wa dripu umeachwa kabisa baada ya kukumbuka wanachofanya Wakaliga, Kampala, kwa mtengenezaji filamu Isaac Nabwana: kondomu iliyojazwa damu bandia, chini ya nguo, badala ya baruti. Filamu zake ni za mapigano, lakini mbinu inahamia bila shida. Tumejaribu tatu. Zioshwe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana mafuta yake yanazuia gundi ya plasta kushika. Mililita 30 za damu nyepesi, kisha puliza hewa mpaka ikaze; isipokaza haipasuki, inanyooka tu. Pini imefungwa kwenye uzi wa kuvulia samaki na kubandikwa ubapa, na kati yake na ngozi kuna kipande cha ngozi ya kiatu. Ya kwanza haikupasuka. Ya pili ilipasuka kwa juu na damu yote ikapanda shingoni. Ya tatu ilitoka vizuri lakini upande wa kushoto, nje ya fremu, kwa sababu uzi ulivutwa kwa pembe. Kesho uzi utapita kwenye pete iliyoshonwa kwenye kifungo cha pili cha shati, uvutwe kwenda chini moja kwa moja. Damu iliyobaki ni mililita 180, iko kwenye friji, na kondomu ziko tisa.