Hajaishiwa yule

Shemeji alilisema huku akichota wali, wala hakuwa na nia mbaya. "Mtu fundi wa kutunga, halafu miaka ishirini na mitano anatoa kazi sita tu. Si ameishiwa huyo?" Nikamwambia, "Siyo hivyo, shemeji." Akauliza, "Haya, ni nini basi?" Mama akapitisha bakuli la mchicha, habari ikaishia hapo. Wiki hii mahari ya mdogo wangu imepokelewa na ofisini bosi mpya ameripoti, lakini mimi bado niko pale mezani namjibu shemeji.

Tulikuwa tukimzungumzia Rachmaninoff, mtunzi wa muziki na mpiga piano wa Urusi; hiyo miaka ishirini na mitano ni ile aliyoishi nje ya nchi yake. Alipoondoka Urusi Desemba 1917 alikuwa na miaka 44, mke na mabinti wawili, na mali yote imebaki nyuma. Utunzi usingewalisha. Ile Preludi yake ya 1892, kipande kifupi cha piano ambayo watu waliidai kila ukumbi aliopiga, aliiuza kwa rubli 40; Urusi haikuwa kwenye mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, kwa hiyo wachapishaji wa nje waliichapa bila kumlipa. Okestra ya Boston, Marekani, ilimtaka awe mwongozaji wake wa muziki, akakataa. Akashika piano.

Hapa ndipo shemeji asipopaona. Mpaka wakati ule, alipokaa kwenye piano mbele ya watu, Rachmaninoff alipiga zaidi kazi zake mwenyewe. Sasa ilimbidi aandae maonyesho mazima ya kazi za watunzi wengine: Beethoven, Chopin, Schumann na Liszt, yote kwa kichwa. Na vidole havitunzi kitu usichokirudia. Mpiga piano Abram Chasins alisimulia kwamba alimsikia Rachmaninoff akifanya mazoezi ya etudi (kipande cha kunoa vidole) ya Chopin, ile ya noti mbilimbili katika mkono wa kulia, polepole kiasi kwamba hakuitambua upesi. Kuna sababu. Kasi huficha kidole kizembe: noti mbili zinazotakiwa kutua pamoja hutua moja nyuma ya nyingine, na mkono ukishazoea hivyo, kuusahaulisha ni kazi kubwa kuliko kuufundisha mara ya kwanza. Kwa hiyo unashuka hadi mwendo ambao kila jozi inasikika kama mlio mmoja, ndipo unapandisha kidogo kidogo.

Fanya hivyo kila siku, msimu mzima, kati ya treni na hoteli, kisha uniambie saa ya kutunga iko wapi! Utunzi unataka siku zinazofuatana, wazo la jana likukute leo bado uko palepale. Yeye siku hizo alizipata kiangazi tu.

Jana usiku nimefungua karatasi za noti za Rapsodi yake, kazi ya piano na okestra iliyojengwa juu ya wimbo wa mpiga fidla Paganini, na moyo ukatulia wenyewe. Aliiandika Uswisi, kando ya ziwa la Lucerne, kati ya 3 Julai na 18 Agosti 1934. Mageuzo 24, yaani kiwimbo kifupi kimoja kilichogeuzwa kwa namna 24! Kwenye geuzo la 18 amezichukua noti za Paganini akazipindua, zilizokuwa zinapanda zishuke na zilizokuwa zinashuka zipande, akapunguza mwendo na kuhama kutoka ngazi ya sauti ya A maina kwenda ya D-flati meja. Piano inaanza peke yake. Wengi huliharibu kwa pedali, kile cha kukanyaga kinachoshikilia sauti: mguu unasahau kuibadilisha besi (noti ya chini) inapobadilika, mkono wa kushoto unageuka tope na wimbo unazama. Badilisha kwa kila besi mpya, ukiachia pale pale besi inapopigwa na kukanyaga tena kabla kidole hakijaiacha. Hapo utausikia unavyoimba.

Na miaka sita baadaye, akiwa na miaka 67, aliandika Ngoma za Kisimfonia, kazi ya okestra nzima. Aliyeishiwa angezitoa wapi?